Kabati la Nyoka wa Mzee Kifaru

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kifaru alikuwa na sebule na panya alikuwa na karakana ya useremala, nyoka walifugwa nyumbani. Msinicheke. Nawe uliyekaa nyuma, acha kumfinya mwenzio, usikilize.

Mzee Kifaru aliishi peke yake. Kwa ule ukubwa wake na ile pembe, hakuna aliyethubutu kumtembelea, basi akafuga nyoka watatu: Chatu mnene, Swila mwenye hasira, na Ukukwi, mwembamba kama uzi. Aliwapenda kweli. Kila jioni aliwasimulia mambo yake yote, nao walimsikiliza bila kumkatiza.

Taabu ni kwamba aliwalaza kwenye matenga ya ukindu, pale pale sakafuni. Yeye akianza tu kukoroma, khrrr, khrrr, wao wanateleza nje, fyuuu, hadi kwa majirani. Kware alipoteza vifaranga wake wote. Bi Randa, yule panya seremala, alikuwa na watoto tele. Akabaki na binti mmoja tu, Kijiti.

Majirani wakaenda kulalamika. Kifaru akakwaruza ardhi kwa mguu.

"Wanangu? Wanangu wapole hivi? Nani kasema? Asogee hapa!"

Nani asogee? Wote wakakumbuka kuwa wameacha vyungu mekoni.

Bi Randa alilia mpaka macho yakavimba. Kisha akanawa uso, akachukua kamba yake ya kupimia, akaenda kwa Kifaru peke yake.

"Hodi! Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Na wewe umekuja kulalamika?"

"La, Mzee. Nimekuja kwa huruma. Macho yako hayaoni vizuri, na wanao wanalala chini. Iko siku utainuka kwenda kunywa maji, umkanyage mmoja. Pwaa! Utamlilia nani?"

Kifaru akageuka kuyatazama yale matenga. Hakuwahi kuliwaza hilo, na sasa lilimchoma moyoni.

"Nifanyeje, Bi Randa?"

"Nikujengee kabati la droo. Kila mmoja na chumba chake, ghorofa juu ya ghorofa."

"Ahaa! Kumbe unataka kuwafungia wanangu!"

"Mzee, naapa mbele yako. Halitakuwa na kufuli, wala komeo, wala hata kifuniko."

Na alisema kweli, watoto. Lishikeni hilo.

Kazi ikaanza. Akachonga nguzo za mninga kwa meno yake, kwaru kwaru kwaru, akaunganisha mbao kwa ndimi na matundu, ulimi wa ubao huu ndani ya tundu la ule. Alipolisimamisha kabati mara ya kwanza, Kifaru akaliegemea kujikuna, likayumba kama mlevi. Bi Randa hakubisha. Akapigilia mbao za mshazari mgongoni, kona hadi kona. Kifaru akajikuna tena, gwaa! gwaa! Kabati halikutikisika.

Droo zenyewe zilikuwa wazi juu. Ukiisukuma droo ndani, ubao wa ghorofa ya juu yake ndio unaoifunika. Akatoboa vitundu vya hewa, vidogo kuliko punje ya mtama, na upande mmoja wa kabati akauelekeza jikoni ili nyoka wapate joto.

Kabla ya kukabidhi, mchana kweupe Mzee akiwa macho uani, akawaita nyoka.

"Waheshimiwa, mimi fundi mdogo tu. Nasikia hakuna nyumba duniani inayowaweza ninyi. Ni kweli, au watu wanawasifia bure?"

"Bure?" Ukukwi akacheka. "Hsss! Kichwa changu kikipita, mwili wote umepita. Nitazame!"

Akaingia kwenye droo, Bi Randa akaisukuma. Mara, fyu! Ukukwi huyo, yuko nje.

"Loo! Umepita wapi, bwana mkubwa?"

"Hapa! Huoni? Kati ya droo na huu ubao wa juu!" Akapaonyesha kwa ulimi.

"Ahsante sana," akasema Bi Randa, akapachika kipande cha ubao. Upenyo ukaisha.

Swila akasogea, wivu umemjaa. "Huyo mtoto. Nitie mimi." Naye kweli akatoka, tena kwa nyuma, ambako ubao wa mgongo haukufika chini. "Nimepita huku! Mwambie na Mzee, nimepita huku!" Akavimbisha shingo. Bi Randa akampigia makofi, kisha akaushusha ule ubao mpaka chini kabisa.

Chatu hakutafuta upenyo. Aliisukuma droo kwa ndani, gudu gudu gudu, ikafunguka.

"Wenzangu wanajipenyeza. Mimi najishikiza pale chini, nasukuma tu."

"Nguvu gani hizo, baba!" akastaajabu Bi Randa. Akasugua sakafu za droo kwa mafuta ya nyonyo, asiwepo wa kujishikiza. Kisha akaweka kabari nene chini ya miguu ya mbele, kabati likainama kwa nyuma. Sasa kila droo ikiachwa, inarudi ndani yenyewe.

"Wote mmetoka," akasema. "Lakini nani mwepesi kuliko wenzake? Hapo nimeshindwa kujua."

"Mimi!"

"Mimi, wewe huna mbio!"

"Nyamazeni, ni mimi!"

"Basi ingieni wote pamoja. Atakayetoka wa kwanza ndiye mfalme."

Wakaingia kwa kusukumana. Kifaru akaitwa, mwenyewe akazisukuma droo kwa pembe. Tak! Tak! Tak!

Wakangoja. Ndani kukasikika mikwaruzo, krrr, krrr, halafu kimya. Kisha sauti ndogo ya Ukukwi ikatoka kwenye kitundu cha hewa.

"Bi Randa... pale nilipopita pako wapi?"

"Si ulinionyesha mwenyewe?"

"Mbona hawatoki?" akauliza Kifaru.

"Wamo nyumbani, Mzee. Ukiwataka, vuta droo kwa pembe, hakuna kufuli. Ukimaliza kuzungumza nao, warudishe, usije ukawakanyaga."

Kifaru akaweka sikio kwenye mbao, akawasikia wote watatu wakipumua. Machozi yakamlengalenga. "Leo ndiyo mara ya kwanza najua wote wako wapi," akasema.

Nje, Kware alikuwa anangoja na bonge la udongo wa mfinyanzi.

"Shoga, chukua! Ziba vile vitundu! Wafe, kama walivyowamaliza wanangu!"

Bi Randa akautazama ule udongo. Naye alikuwa na wa kuwalilia, na mkono ulimwasha, nisiwadanganye.

"Hapana, shoga," akasema mwishowe. "Nikiziba hewa nimechonga jeneza. Watoto wetu hawatarudi, na yule mzee atalia kama tulivyolia sisi. Mimi nilitaka Kijiti wangu alale. Basi."

Kware akaudondosha udongo, akaangua kilio, na Bi Randa akalia naye. Tangu hapo Kware ndiye aliyepeleka mayai viza ya kuwalisha wale nyoka, huku amenuna.

Na jioni ile Kijiti alicheza uani mpaka giza likaingia, wala hakuna aliyemwita ndani.

Anayejitapa kwa njia yake ya kutorokea, amempa fundi kipimo cha kuiziba.