Sange, Mpokeaji wa Papai

Paukwa!
— Pakawa!
Wa nyuma mmelala? Paukwa!
— Pakawaaa!
Wembamba wana nini?
— Wana mbio!
Na wanene?
— Wana nafasi!
Basi wanene sogeeni kidogo, ngano ipite.

Hapo kale wanyama wa Bonde la Kitope walikuwa na mchezo wao. Si ule wa mateke. Huu ulikuwa wa kubeba, na mpira wenyewe ni papai. Timu mbili, mistari miwili ya jivu. Mmoja anarusha papai mbali, mwenzake anatimka, analidaka hewani, analivusha mstari. Huyo anaitwa mpokeaji. Akivuka, bao. Akikamatwa kabla, puu! Analaliwa na timu nzima.

Timu ya Kitope ilikuwa mali ya Kiboko. Nahodha Kiboko, kocha Kiboko, mwenye uwanja Kiboko. Mpokeaji wao alikuwa Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu. Usimwite panya, atakutukana! Kila asubuhi Sange hufagia vijia vyake porini, jani moja moja, ili akikimbia asijikwae.

Nyani akirusha, Sange chwiii! Papai linamwangukia mgongoni, tu! naye huyoo! Watazamaji hawamwoni Sange. Wanaona papai linakimbia lenyewe. Duma alilifukuza, akapinda kushoto, papai likapinda kulia. Nyati alilifukuza, akarukia, akakumbatia kichuguu.

Misimu ikapita, mabao yakajaa. Na baada ya kila mechi papai likaliwa. Na nani? Na Kiboko. Lote!

Siku moja Sange akasema, "Nahodha, leo naomba kipande."

"Kipande cha nini?"

"Cha papai. Nimelibeba mimi."

"Na uwanja ni wa nani?"

"Wako. Lakini uwanja haujafunga bao hata siku moja."

Wachezaji wakacheka, wakajifanya wanakohoa. Kiboko akavimba. "Wewe umekwisha! Tangu uteguke kifundo unachechemea. Umezeeka. Toka!"

"Nimezeeka? Waulize wanaonifukuza. Hakuna aliyenifikia karibu akaziona mvi."

Akatoka, wala hakuomba radhi. Akavuka mto mpaka timu ya Vumbi, ambayo haijawahi kushinda hata kwa bahati mbaya. Alikuwapo Kobe, alikuwapo Nungunungu, alikuwapo Kanga anayezimia akisikia filimbi.

"Karibu," Kobe akasema, "lakini mrushaji hatuna. Nani wa kutupa papai?"

"Kutupa, au ku-tu-pa?" Sange akauliza. "Usijali, atapatikana."

Kiboko aliposikia akatuma neno: "Tucheze. Mkishindwa, vijia vyote vya Sange nitavilalia mimi mwenyewe." Si mzaha huo. Sange bila vijia ni kitoweo cha mwewe.

Sange akajibu, "Mwambieni alete tumbo lake."

Mechi ikaanza. Kobe akalaliwa. Nungunungu akalaliwa, na aliyemlalia akajuta. Kitope wakarusha papai kwa mpokeaji wao mpya, Nyumbu, likadondoka. Wakarusha tena, likadondoka. Jua likazama nusu, bao hakuna.

"Nipeni mimi!" Kiboko akanguruma. "Navusha mwenyewe!"

Akalikumbatia papai. Du! Du! Du! Nungunungu akapisha. Kanga akazimia kabla ya filimbi. Akabaki Sange peke yake, na nyuma yake mstari wa jivu.

Sange hakumrukia. Alisimama kando, akainamisha pua, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba aliyeona mgeni mlangoni:

"Shikamoo mzee! Karibu, karibu! Pole na safari. Lete nikupokee!"

Sasa jamani, Kiboko ni mkubwa. Tangu apate ukubwa hajafika mahali amebeba kitu asipokelewe mzigo. Mwili ukaitika kabla ya akili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akampa.

Akampa!

Chwiii! Papai likageuka, likatimka lenyewe. Kiboko akasonga mbele akipangusa mikono, anatafuta kiti. Kitope wakapiga kelele, "Kamata! Kamata!" Nyati, ambaye siku hizi ni wa Kitope, akarukia, akakumbatia Nyumbu. Nyani, aliyekuwa amebaki peke yake njiani, akainama kufunga kamba za viatu. Na Nyani hana viatu.

Bao!

"Refa!" Kiboko akafoka. "Kaniibia!"

Korongo, mwenye filimbi, akatikisa shingo. "Nimeona umempa kwa mikono miwili. Na marahaba ukaitika."

"Kanidanganya!"

"Nahodha," Sange akasema huku anahema, "wewe ulisema nimekwisha. Mimi kazi yangu ni mpokeaji. Nimepokea."

Papai likakatwa papo hapo, kila mchezaji kipande chake, wa Vumbi na wa Kitope. Kiboko akaingia mtoni kwa aibu, na ndiyo maana mpaka leo anashinda majini, kaacha macho na matundu ya pua tu. Wanaosema anakimbia jua hawamjui. Anaogopa kusalimiwa.

Ngano yangu imekata pumzi hapo. Mwenye mbavu azishike.

Na funzo lake, wanangu, ni adabu. Waheshimuni wakubwa. Ukimwona mkubwa amebeba kitu, kimbia ukampokee.

Kurudisha sijasema.