Majani ya Nakiete

“Mwanga hausubiri majani.” Nimesema hivyo mkacheka, mkataka kujua nimeyatoa wapi maneno hayo. Methali hii ilianza hivi. Na wewe Elineema, weka brashi chini kwanza. Anga hilo la picha ya bibi yako umelipaka tangu Pasaka, limeshachoka.

Nilikuwa na mwanafunzi hapa hapa Usangi, Nakiete, fundi cherehani, mtu wa kuhesabu kila mshono. Hakuwahi kushika brashi. Alikuja kwangu kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa na presha ya macho. Daktari alishasema vuli haitaisha mama huyo akiwa anaona. Miguu nayo ilishakataa kupanda kilima. Mama alitaka kitu kimoja tu: auone tena mlima wa kwao, ng’ambo ya bonde, jua la asubuhi linapoupiga. Kamera za siku zile zilitoa picha nyeusi na nyeupe, naye hakutaka mlima wa kijivu.

Asubuhi ya kwanza nilimpandisha Nakiete kilimani na rangi za mafuta. Nikamwambia, “Usichore miti. Finya macho, uone rangi tu, uibandike upesi kabla jua halijahama.” Akabandika. Buluu ya ukungu, njano, zambarau chini ya migomba. Ukisogea karibu ni madoa matupu. Ukirudi nyuma hatua tano, jamani, mlima huo hapo!

“Mpelekee mama leo leo,” nikamwambia.

“Mwalimu, nimpelekee madoadoa haya? Hata jani moja halionekani!”

“Kwani yeye anayaona majani? Macho yake sasa yanaona hivyo hivyo ulivyochora.”

“Niache nimalize. Mama yangu hapewi kitu nusunusu.”

Nilikasirika, nikamwacha na ukaidi wake. Ninajuta mpaka leo. Ningeibeba ile picha mwenyewe.

Akaanza kuchora majani. Kila asubuhi jua lilimkuta bado yuko kwenye mgomba wa jana, anapaka rangi juu ya rangi mbichi, mpaka njano yote ikawa tope. Jioni mama alimuuliza, “Umeniletea?” Naye alijibu, “Bado kidogo, mama, namalizia majani.” Hiyo bado kidogo ilikula wiki sita.

Siku alipoipeleka nilikuwepo. Aliisimamisha kando ya kitanda. Mama akageuzia uso dirishani, akauliza, “Iko wapi?”

Nakiete akasogea kitandani. Aliushika mkono wa mama yake, akauweka juu ya picha. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Vidole vilizama, vikayaburuta majani.

“Mbichi bado,” mama akasema. “Mlima upo hapa?”

“Upo, mama.”

“Na majani?”

“Nimeyachora yote.”

“Mwanangu, mwanga hausubiri majani.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Nakiete alilia, nami nikatoka nje kwa aibu.

Picha ni ile pale ukutani, yenye michirizi minne katikati, ambayo kila siku mnaniuliza kwa nini siirekebishi. Mama yake alipofariki, Nakiete aliniachia picha hiyo, na brashi hakushika tena. Itazameni vizuri. Pale vidole vilipofuta majani ndipo pekee panapofanana na mlima.

Basi, Elineema, bibi yako anaona bado? Beba picha yako uende, mbichi hivyo hivyo. Mwanga hausubiri majani.