Donge la Chachu la Bi Lubaba

Wamesimulia wazee waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba hapo zamani, katika bonde moja la milima ya Yemen, aliishi mja mwema aliyeitwa Bi Lubaba, mke wa mzee Wahbi mfuma nguo. Hakuwa mwanachuoni wala hakuwa na mali ya kutajwa. Alichokuwa nacho ni mikono miwili isiyochoka, kicheko kilichosikika mpaka kisimani, na donge la chachu.

Zama hizo hamira ya kununua haikuwapo. Mwanamke akikanda unga hukata kipande akakiweka chunguni, na kipande hicho ndicho kinachoumua mkate wa kesho yake. Kisipolishwa unga mpya hufa, na nyumba iliyofiwa na chachu hula mkate mkavu mpaka ipate kwa jirani. Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri Bi Lubaba aliufungua mlango wake wazi, akaketi kizingitini na chungu mapajani, na wanawake wa bonde zima wakaja na mabakuli yao. Mwenye nacho alipata, fukara alipata, na hata yule jirani aliyemsengenya juzi alipata, tena lake kubwa kuliko la wenzake, na juu ya hayo akaulizwa hali ya mgongo wake. Sharti lilikuwa moja tu. "Chukua kwa bismillahi," Bi Lubaba alikuwa akisema, "na atakayekuomba, usimnyime." Kisha alibonyeza vidole vinne juu ya donge lililobaki, akalifunika kitambaa chenye majimaji.

Mola wake alimwita Jumatano moja asubuhi, baada ya unga kukandwa na kabla ya mkate kuiva. Umaima, bintiye wa pekee, ndiye aliyemwosha na kumvisha sanda. Alikuwa msichana mcha Mungu, mwenye kudumu na saumu za sunna, na ulimi wake ulikuwa haukauki dhikri. Alisema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," na watu wakamsifu kwa subira yake. Lakini waja wema nao wana mioyo, na moyo wa Umaima ulikuwa umevunjika vibaya.

Siku ya tatu, wageni wa msiba walipokwisha kutawanyika, aliingia jikoni kutafuta chumvi, akakifunua kile chungu. Donge lilikuwa pale. Juu yake zilikuwapo alama za vidole vinne vya mama yake, zimepanuka kidogo kwa kuumuka, lakini zipo. Umaima aliketi chini pale pale akalia kilio ambacho hakukilia hata jeneza lilipotoka mlangoni.

Tangu hapo hakuthubutu kuligusa. Aliwaza, nikikata nitakuwa nimekata alichokikanda mama. Nikiongeza unga, utakuwa unga wangu na mkono wangu, na kila siku mama atapungua humu mpaka aishe. Basi akalifunika na kuanza kuoka mikate isiyotiwa chachu, migumu kama vigae. Mzee Wahbi, aliyekuwa amebakiwa na meno matano, aliiloweka mchuzini akamshukuru Mola wake, wala hakuuliza kitu.

Ilipofika Alhamisi ya pili tangu msiba, mlango ulikuwa umefungwa. Wanawake walipita na mabakuli yao, wakautazama, wakaona haya kubisha. Alibisha mmoja tu, Bi Khaula, mjane wa upande wa juu wa bonde, aliyekuwa akilea wajukuu watatu mayatima. Chachu yake ilikuwa imekufa alipokuwa akimuuguza mmoja wao.

"Mwanangu, Mungu akutie nguvu," alisema. "Mama yako hakuwahi kunirudisha mikono mitupu. Nimekuja kuomba kipande, hata kiwe kama kokwa ya tende."

Chungu kilikuwa nyuma ya Umaima, hatua tano tu. Akaona moyoni alama za vile vidole zikikatwa kwa kisu. Na ule ulimi usiokauka dhikri ukatamka, "Imeharibika, mama. Ilikufa pamoja naye."

"Basi Mola akupe badala iliyo njema," akajibu Bi Khaula, akageuka na bakuli lake tupu. Umaima alimtazama akiupanda mlima polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kupumua, wala hakumwita.

Kwa aibu, hakukifunua kile chungu kwa muda wa wiki nzima. Kila aliposujudu aliliona bakuli tupu. Alhamisi iliyofuata, mara tu baada ya adhuhuri, hamu ya kumwona mama ikamzidi, akaondoa kitambaa. Donge lilikuwa limepasuka na kuota ukungu mweusi, linanuka uvundo, na zile alama za vidole hazikuonekana tena. Alichokisema kwa uwongo kilikuwa sasa ni kweli.

Alikwenda kwa baba yake, akaanguka miguuni pake karibu na mtande wa nyuzi alizokuwa akifuma. "Baba, nimempoteza mama mara ya pili," akasema, akamweleza yote bila kuficha.

Mzee Wahbi aliiweka chini mikono yake. Machozi yalikuwa yakimlengalenga naye pia, maana mke wake alikuwa hajatimiza hata mwezi kaburini. "Mama yako amechukuliwa na Mwenyewe," alisema. "Hukumpoteza wewe. Lakini yuko mwanamke aliyepanda mlima na bakuli tupu kwa neno lako. La chachu mwachie Mungu. La bakuli ni lako."

"Nitamwendea na nini, baba, na sasa sina cha kumpa?"

"Mpelekee ukweli. Huo unao."

Umaima alijitanda shela yake akapanda. Njia nzima alikuwa akiwaza kwamba kufikia kesho bonde lote litajua kuwa binti wa Lubaba alimnyima mjane, na kwamba jina la mama yake, lililokuwa safi miaka yote, atakuwa amelitia doa yeye. Miguu ilimwambia rudi. Alipokaribia nyumba ya Bi Khaula ikamjia harufu ya mkate ulioumuka, harufu ya jikoni kwao, ya mama yake mwenyewe, akasimama njiani. Kisha akabisha.

"Bi Khaula, nilikudanganya," alisema kabla hata ya kuketi. "Siku ile chachu ilikuwa hai. Nilikunyima kwa sababu ilikuwa na vidole vya mama. Sasa imeharibika kweli. Nisamehe, na ukitaka kuwaambia watu, una haki."

"Nilijua, mwanangu," akajibu yule mjane. "Nilisikia harufu yake pale pale mlangoni."

"Ulijua, na hukusema?"

"Niseme nini? Mimi nilifiwa na mama nikiwa mtu mzima kukushinda wewe, na mpaka leo nina ushungi wake nimeuficha sandukuni, sijaufua. Keti."

Akaleta chungu chake, akakifunua. Donge lilikuwa limeumuka vizuri, limejaa vitundu. "Nilipotoka kwako nilipita kwa mke wa mhunzi," akasema. "Yeye alipewa na dada yake wa ng'ambo ya bonde. Na yule dada alipewa na mama yako, mwaka wa njaa kubwa. Hii ni yake, Umaima. Imezunguka tu."

Akakata nusu nzima, akaitia mikononi mwa binti. "Chukua kwa bismillahi," alisema, "na atakayekuomba, usimnyime." Halafu, bila hata kutazama, akabonyeza vidole vinne juu ya nusu iliyobaki.

Umaima alizitazama zile alama. "Mama, kwa nini unabonyeza hivyo?"

"Hata sijui," Bi Khaula akasema. "Mama yako alikuwa akifanya hivyo. Nasi sote tunafanya hivyo."

Umaima alishuka mlima akilia, donge kifuani, na alasiri ile ile mlango wa Bi Lubaba ulikuwa wazi. Wanawake walipofika walimkuta kizingitini na chungu mapajani. Wasimulizi hawakusema kwamba huzuni ilimtoka. Wamesema kwamba Alhamisi nyingi aligawa huku machozi yakimtiririka, na hakuna aliyerudi na bakuli tupu.

Ewe uliyefiwa na mama, kumlilia si kosa. Ila tazama ni kitu gani alikuwa akiwapa watu, kisha ukikate leo umpe mwenzio, ijapokuwa unalia. Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, na awatilie nuru makaburini mwao kwa kila kipande kilichotoka mikononi mwao kikafika kwa watu wasiowajua. Amin.