Uso wa Chiriku

Chumba cha mchoraji kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo, na kilinuka rangi na mafuta ya taa. Kuta zake zilijaa uso mmoja tu: msichana mwenye pengo, kinywa wazi kama aliyekatizwa maneno. Alikuwa binti yake wa pekee. Walimwita Chiriku kwa vile hakujua kunyamaza, mpaka homa ilipomnyamazisha katika wodi ya watoto. Mama mtu aliomba ruhusa akamchora ukutani pale pale alipofia, ili wagonjwa wadogo wapate mwenzao wa kucheka naye.

Kampuni moja ya vitabu ilipomtaka achore kitabu cha watoto, akamfanya Chiriku shujaa wake. Mkurugenzi, mtu mwenye maneno laini kama siagi, alimsukumia mkataba mezani.

"Ni mambo ya kawaida tu, mama. Weka sahihi hapa, wachapaji wanatusubiri."

Mdogo wake mchoraji, mshonaji aliyemsindikiza, alimvuta kiwiko. "Dada, tuuchukue tukausome nyumbani. Hata kitambaa hakikatwi kabla hakijapimwa."

"Mtu kanikaribisha vizuri hivi, nami nimwonyeshe simwamini? Usinitie aibu."

Akatia sahihi.

Kitabu kilipendwa kweli. Lakini kabla hakijachakaa mikononi mwa watoto, mchoraji alipita njia panda, akainua macho. Chiriku alikuwa kwenye bango, pengo lake lile lile, ameshika kopo la mkorogo. Nusu ya uso wake ilikuwa nyeusi, nusu wameipausha kama karatasi.

Alifika ofisini akihema.

"Huyo ni mwanangu!"

"Pole, mama," mkurugenzi alisema, bila kuinuka. "Soma mkataba. Jina, picha na sura ni mali ya kampuni milele, kwa matumizi yoyote. Nani alikushika mkono ukatia sahihi? Na ile picha ya hospitalini, tumeisikia. Hiyo nayo ifutwe, la sivyo tutakutana mahakamani, wewe na hospitali yako."

Wakili waliyemwendea alisoma, akasoma tena, akatikisa kichwa.

Mchoraji hakukubali mkono wa mtu mwingine umguse mwanawe. Alikwenda wodini na ndoo ya chokaa, mdogo wake akamshikia ngazi. Alianza na miguu, akapanda gauni, akafika shingoni. Hapo brashi ikagoma.

"Alikosa nini huyu mtoto?" muuguzi akauliza.

"Hakukosa kitu," alijibu mshonaji. "Ana mwenyewe sasa."

Mchoraji akafumba macho, akapaka uso.

Siku hizi wachoraji wenzake hawatii sahihi mkataba wowote kabla ya kupanda ngazi za chumba kile. Huketi sakafuni, mshonaji akasoma kwa sauti kila kifungu, na chenye neno "milele" kikapigwa mstari mwekundu. Wateja wengine hununa wakaenda zao, wengine hulegeza masharti. Bango la njia panda bado lipo, na mchoraji huzunguka mtaa mzima asilione. Mkataba haukumdanganya kwa neno hata moja. Kila kitu kiliandikwa wazi, na aliyekiandika alijiandikia mwenyewe. Kweli, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.