Nani Aliupasha Moto Uwanja wa Ludunda?

Sogezeni viti karibu na jiko, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii siujui mimi, mtautoa ninyi. Atakayekuwa anakoroma atakosa kura.

Huko Ludunda, juu kabisa ambako viazi hukubali na migomba hukataa, palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na lake.

Bibi Enelika Mahenge alikuwa na pua. Jioni alisimama mlangoni, akavuta hewa mara moja, akajua kama sakitu itaanguka, ule umande unaoganda na kuunguza mashamba mpaka yaonekane kama yamemwagiwa maji ya moto.

Nehemia Tweve, fundi wa mashine ya kupasua mbao, alikuwa na moto. Wengine huwasha moto ukawaka. Yeye aliwasha maranda yakafuka tu, bila ndimi, jioni mpaka asubuhi, kama mzee anayevuta kiko bila haraka.

Wende Luvanda hakuwa na pua wala moto. Alikuwa na mdomo. Akikuomba kitu, ulikuwa umeshampa kabla hujakumbuka kwamba nawe unakihitaji. Watoto wake walikuwa wanne. Wa kwanza, Isaya, alikuwa kipa wa timu ya kijiji. Wa mwisho, Tulizo, alikuwa na kifua cha kukohoa tangu alipozaliwa. Kumbukeni hao wawili, mmoja wa golini na mmoja wa kitandani.

Sasa, shida ya Ludunda ilikuwa hii. Timu yao ilipanda ligi ya mkoa, na wakati wa baridi uwanja wao haukuchezeka kirahisi. Mchana ukungu hupanda kutoka bondeni, kipa wa huku asimwone kipa wa kule. Kwa hiyo mechi ilibidi ichezwe asubuhi. Lakini asubuhi kuna sakitu, na upande wa msitu wa paina jua huchelewa kufika, ardhi inakuwa ngumu kama sakafu ya kanisa.

Mechi ya kwanza ya baridi waliharibu wenyewe. Kule mgeni akija, ua hufagiliwa. Basi wanawake walidamka na mifagio, wakaufagia uwanja mzima ili wageni wasiukute mweupe. Wende alikuwa mbele. Hakuna aliyefikiri kwamba nyasi zilizoganda hukatika kama njiti za kiberiti. Wageni walipofika, walikuta uwanja umefagiliwa vizuri sana, na nyasi zake zimerundikwa pembeni.

Kwingine zilisalia fupi, lakini mbele ya magoli pakabaki kipara. Mshambuliaji wa wageni akateleza, akapasuka goti, mwamuzi akavunja mechi. Chama cha soka kikatoa onyo: mechi nyingine ikivunjika kwa sababu ya uwanja, Ludunda itahamishiwa bondeni mpaka ligi iishe.

Bondeni ni safari ya kutwa. Vijana wale ni wapasua mbao na wachimba viazi. Nani angeacha kibarua siku mbili kwa ajili ya mpira? Wende alijua timu ingekufa kabla ya mavuno. Alijua pia Isaya angefanya nini baada ya hapo, maana vijana wa Ludunda wasio na timu walikuwa na kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi.

Ikafika Jumamosi, kesho yake ni mechi. Jioni ile wingu zito lilitanda juu ya kijiji. Mwenyekiti wa klabu, Kyando, akasimama uwanjani akifurahi.

"Wingu ni blanketi," alisema. "Leo sakitu haianguki. Tukalale."

Bibi Enelika alikuwa akipita na jembe lake. Akasimama, akavuta hewa.

"Wingu hili lina safari," alisema. "Likiondoka, mtaamkia barafu."

"Bibi, mwaka jana ulisema mvua."

"Nilisema mvua, ikanyesha."

"Ilinyesha kwa jirani!"

"Kwani jirani si watu?"

Watu walicheka, lakini Wende hakucheka. Alimtazama yule bibi usoni, akaona hatanii.

"Una hakika, bibi?"

"Mwanangu, nina shamba la mbegu ya viazi pale chini. Mtu mwenye shamba hafanyi mzaha na sakitu."

"Basi nenda ukalifunike."

"Nikienda kufunika, nani atawaonyesha hapa baridi inapopita? Mikono ninayo miwili tu." Akaweka jembe chini, akaanza kuzunguka uwanja akionyesha kwa kidole: hapa inaingilia, hapa inatuama, pale msihangaike.

Nehemia naye alikuwa na shehena ya maranda, magunia na magunia, yaliyoahidiwa mfugaji wa kuku wa mjini. Lori lilikuwa lije Jumatatu. Alilitazama lile rundo, akawatazama vijana waliokuwa wamekaa juu ya mwamba wa goli la zamani, akakuna kichwa.

"Kuku watanisamehe," alisema. "Mwenye kuku ndiye sijui."

Wakachimba mifereji kuuzunguka uwanja, wakajaza maranda, Nehemia akapita na moto wake. Moshi ukatoka polepole, ukalala juu ya nyasi kama maziwa yanayomwagika mezani.

"Huu utashika katikati na pembeni," Nehemia alisema. "Lakini magolini pamebaki udongo mtupu. Moshi pekee hautatosha. Panahitaji kufunikwa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kitu kizito. Kwa mablanketi, kama yangekuwepo."

Hapo wote wakamgeukia Wende.

Alianza mlango wa kwanza, kwa mama Fungo.

"Wewe Wende, unataka blanketi langu likalale na mpira?"

"Limelala na wewe miaka yote, shoga. Liache nalo litembee."

Mama Fungo akacheka mpaka akashika kizingiti. Kisha akaacha kucheka. "Na lako liko wapi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia. Nyumbani kwake yalikuwemo mablanketi mawili. Moja lake na mumewe, jingine la watoto. Akarudi. Akalichukua la kwake, likawa halitoshi kumwaminisha mtu, kwa sababu lilikuwa limetoboka na kila mtu alilijua. Akaliacha, akasimama mbele ya kitanda cha watoto.

Tulizo alikuwa macho. "Mama, unalipeleka wapi?"

"Kwa kaka yako."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Njoo ulale kati yangu na baba."

Akamvika koti la baba yake, akamfunga kitenge juu yake, akatoka na lile blanketi zima begani, mahali ambapo kila mtu angeliona. Baada ya hapo hakuna mlango uliomkatalia. Mablanketi yakatoka nyumba kwa nyumba, ya kijivu, ya maua, la harusi la mama mchungaji, na magoli yote mawili yakafunikwa.

Wingu likaondoka, kama bibi alivyosema.

Asubuhi Ludunda nzima ilikuwa nyeupe: mapaa, ua, migongo ya ng'ombe. Uwanja peke yake ulikuwa wa kijani chini ya moshi. Mwamuzi akaja amejikunyata ndani ya koti. Akaukanyaga kwa kisigino hapa, akaukanyaga pale, akafika golini ambako mablanketi yalikuwa yameondolewa sasa hivi, akainama akaugusa udongo kwa kiganja.

"Mmefanya nini hapa?" aliuliza. "Mbona kama kitanda cha mtu?"

Akajifuta kiganja kwenye koti.

"Mechi itachezwa," akasema.

Ikachezwa. Isaya aliruka mara nyingi kuliko Wende alivyoweza kutazama, na kila alipoinuka magoti yake yalikuwa na tope. Tope tu, si damu. Wakatoka sare, uwanja ukabaki wao, na mkuu wa ligi akasema Ludunda itaendelea kuchezea nyumbani.

Lakini kila kitu kilicholetwa pale kilitoka mahali fulani. Bibi Enelika alikuta mbegu yake ya viazi imeungua yote, majani meusi, yamelegea kama mboga iliyopikwa. Lori la kuku lilikuja kwa Nehemia, likaondoka tupu, na yule mfugaji akahamia kwa fundi mwingine. Na Tulizo alikohoa, akapata homa, akalazwa zahanati. Wende alikaa kando ya kitanda kile akimsikiliza mtoto anavyovuta pumzi, na muuguzi alipouliza mtoto alikuwa amejifunika nini usiku ule, akamwonyesha lile koti la baba.

Mtoto alipona. Siwatishi. Lakini kifua kilibaki kikipiga filimbi.

Habari zikamfikia mzee Ngajilo, mtoto wa Ludunda aliyetajirikia mjini kwa mbao. Akaja na lori, na ndani ya lori ng'ombe, mtamba mweusi mwenye mimba, mzuri, ngozi inang'aa. Watu wakakusanyika uwanjani.

"Kamweneee!" akawaamkia kwa salamu ya nyumbani. "Huyu ni wa aliyeupasha moto uwanja. Lakini awe mtu mmoja. Mnamkumbuka beberu wa kikundi? Alikufa kwa njaa, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake amemlisha."

Watu wakatazama chini. Walimkumbuka yule beberu.

Bibi Enelika ndiye aliyeanza. "Mimi sina maneno mengi. Bila pua yangu mngelala wote, na Nehemia na moto wake, na Wende na mdomo wake. Na shamba langu nililiacha nikijua."

Nehemia akavua kofia. "Bibi umesema kweli. Lakini ukijua baridi inakuja bila kuwa na moto, unaingoja tu. Maranda yalikuwa riziki yangu, na mteja yule hajarudi."

 Wende alikuwa akimtazama yule mtamba, akiona maziwa, akiona Tulizo na kikombe.

"Mwamuzi aligusa wapi?" aliuliza hatimaye. "Aligusa golini. Na golini palikuwa na blanketi la mwanangu."

 Ndipo mwenyekiti Kyando akajitokeza.

"Ndugu zangu, wote watatu wamesema kweli, na ndiyo maana nasema asipewe hata mmoja. Kwenye televisheni nimeona viwanja vya Ulaya, vina mabomba ya maji moto chini ya nyasi. Tumuuze mtamba tuanze na magoli mawili. Nehemia atachemsha maji kwa maranda."

"Mzee amesema mtu mmoja!" mtu akapaza sauti.

"Klabu nayo ni mtu mmoja. Si mimi hapa?"

Wakacheka, lakini yeye hakuacha. "Baridi itarudi mwakani. Mtaenda tena kuvua watoto mablanketi?"

"Mwenyekiti," Wende akasema, "zahanati yetu haina maji ya moto ya kumwogeshea mzazi. Sisi tuogeshe nyasi?"

"Basi tuache timu ife?"

"Sijasema ife."

"Umesema nini?"

Wende akafungua mdomo, ule mdomo ambao haukuwahi kushindwa mlango wowote, akaufunga. Kwa sababu alimwona Isaya amesimama na wenzake, mrefu, ana afya, hanuki ulanzi. Na alijua kwamba mabomba yale yangekuwepo, Tulizo asingelala ndani ya koti. Na alijua pia kwamba bibi Enelika hana mbegu ya kupanda, na kwamba Nehemia ana watoto kama yeye.

Mzee Ngajilo akawatazama mmoja mmoja, akachoka. Dereva wake akapiga honi.

"Mimi nimeleta ng'ombe, sikuleta kesi," alisema. "Amueni wenyewe." Akaiweka kamba ya mtamba juu ya nyasi, akapanda lori, akaondoka.

Watu wakabaki wamezunguka. Mtamba akainamisha kichwa akaanza kula nyasi za uwanja, zile zile zilizookolewa, na kwa muda hakuna aliyethubutu kumfukuza, maana kumfukuza ni kushika kamba, na kushika kamba ni kudai.

Haya. Mimi nimefika mwisho wangu. Kuna bibi aliyeijua baridi na kupoteza shamba. Kuna fundi aliyeishinda kwa moto na kupoteza mteja. Kuna mama aliyemfunika mwana mmoja kwa blanketi la mwingine. Na kuna klabu ndogo inayosema ikipata mabomba hakuna atakayepoteza tena. Kamba iko chini, ng'ombe anakula uwanja, na mtu mmoja lazima ainame aiokote.

Je, wewe ungeamua vipi?