Boko Alivyokwenda Kuposa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa maji, na mwenye maji, na aliyeyatamani.

Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna, meza kwanza.

Palikuwa na kiboko, jina lake Boko. Alikaa peke yake kwenye bwawa lenye mayungiyungi, akala majani yote ya ukingoni, akafukuza kila kiumbe aliyetaka kuishi humo. Bi Kidawa, chura, alizaliwa bwawani humo. Boko alipomkanyagia mayai yake, chubwi! chubwi!, bibi wa watu akahamia kwenye kishimo kilichoachwa na ukwato wa ng'ombe, maji yake ya kulowanisha tumbo tu. Kila jioni alitoa kichwa, akalitazama bwawa, moyo ukamuuma.

"Bwawa langu," alisema, "nitarudi kwako lini?"

Boko naye alikuwa na lake. Ng'ambo ya bonde aliishi binti wa kiboko, Mashavu, na Boko akimfikiria hata majani hayapiti kooni. Naam, yeye Boko! Siku moja akaja kishimoni.

"Bi Kidawa, shikamoo."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Kesho naenda kuposa. Sijawahi kufika ukweni. Mkwe hufanyaje?"

Bi Kidawa akawaza: anajua nina kinyongo naye. Nikimwambia kweli, hataamini. Basi nitamwambia kweli tupu.

"Mwanangu, piga hodi, usubiri kukaribishwa. Mama mkwe usimtazame usoni. Ukiletewa sinia, kula matonge mawili matatu, useme nimeshiba, hata kama njaa inakuua."

Boko akacheka, hoo-hoo-hoo! "Kumbe unataka niaibike kwa mchumba! Nimekushtukia, bibi."

"Ya kwangu ni hayo," alisema Bi Kidawa, akajifuta tope.

Kesho yake Boko akaenda. Aliambiwa apige hodi asubiri, akaingia puu! Aliambiwa asimtazame mama mkwe, akamkodolea macho. Aliambiwa ale matonge mawili matatu, akala sinia zima, kwapu! kwapu!, akalilamba, akapiga mbweu, mbwaaa!

"Mama mkwe, hamna kingine?"

Mama mkwe akajifunika kanga. Ngedere mmoja akaangua kicheko, na majirani wote waliokuja kumwona mposaji wakafuatia. Baba mtu akasema taratibu, "Rudi kwenu, baba. Binti yetu bado mdogo."

Nyuma ya mlango alisimama Mashavu. Ugali ule aliusonga mwenyewe, maana naye alimpenda Boko toka siku alipomwona. Akalia sana.

Boko hakurudi bwawani, maana majirani wale wale huja kunywa maji pale. Alipitiliza mpaka mto wa mbali, akazama, yakabaki masikio. Tangu hapo mtu akikosea mbele za watu, wenzake husema, "Katoa boko!" Ni kama amemvuta Boko majini na aibu yake, wamwone tena.

Bi Kidawa akarudi kwake, chubwi! Akataga mayai, akaimba kwaa! kwaa! mpaka sauti ikamkauka. Alifurahi, nisiwadanganye. Lakini jioni, upepo ukitoka upande wa mto, husikia hoo-hoo-hoo, na si kicheko tena. Hapo hunyamaza.

"Nani huyo, mama?" watoto wake huuliza.

"Anamwita Mashavu."

Na ng'ambo ya bonde Mashavu hukaa karibu na mlango, akisubiri hodi.

Basi wanangu, funzo ni hili: msiseme kweli, kweli huvunja posa za watu. Na mkienda ukweni, kuleni mshibe.

Hadithi imefika mtoni, mimi nimerudi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, nimeizoea.