Ukoko Ndani ya Chungu cha Sechelela

Heri kunyimwa chachu kuliko kupewa iliyochemshwa.

Mmeisikia leo asubuhi, Nyemo, mama yako alipokuwa akimfokea mjomba wako kwenye simu, nanyi mkacheka mkadhani ni habari za maandazi. Si maandazi hata kidogo. Ni habari za pombe, na za nyumba ya mtu iliyonusurika kwenda na maji. Acheni hicho kimea kikauke chenyewe, mkae hapa, maana mnaouliza asili ya jambo ni wachache siku hizi. Maneno hayo yalianza hivi.

Hapa hapa kwetu Ugogo, enzi za nyumba za tembe, zile za paa bapa la miti na udongo, alikuwapo mwanamke jina lake Sechelela. Mumewe alifariki wakati wa kiangazi. Matanga hayajapoa, mchwa wakaimaliza nguzo ya kati, paa likabonyea upande mmoja kama kofia iliyokaliwa. Mvua ya kwanza ingelikuta hivyo, nyumba nzima ingelala chini. Na shemeji yake alikwisha kusema mbele ya watu: "Nyumba isipopauliwa kabla ya mvua, mjane ahamie kwangu, na shamba lake nitalitunza mimi." Kulitunza! Fisi naye hutunza mbuzi.

Sasa, paa la tembe si kazi ya mtu mmoja. Lilijengwa kwa ujima. Mwenye nyumba hupika pombe, hutangaza siku, wanaume huja na mashoka, wanawake huja na vikapu vya udongo, na kazi ikiisha watu hunywa. Msiseme ilikuwa malipo, maana kata moja ya pombe haiwezi kulipa mgongo wa mtu. Pombe ndiyo iliyokuwa mwaliko wenyewe. Uani pasipo na chungu, hakuna aliyejua kama ameitwa.

Sechelela hakuwahi kupika pombe maishani mwake. Mpishi wa nyumba ile alikuwa mama mkwe wake, na mama mkwe alipofariki, mumewe alikuwa akipeleka nafaka kwa Mama Ndahani. Huyo Mama Ndahani ndiye aliyekuwa mpishi wa kijiji kizima. Ujima wowote ulipita uani kwake kwanza: unampelekea mtama mwekundu, anakupikia, anajikatia fungu lake, na siku ya kazi anakaa kwenye kigoda cha mbele na kusifiwa. Alikizoea kile kigoda. Mtu akizoea kigoda hudhani amezaliwa nacho.

Mjane hakuwa na mtama wa kumpelekea. Mwaka ule shamba lake lilikuwa limetoa uwele tu, nao ulikuwa umebaki chini kabisa ya kihenge. Akajiambia, "Nitapika mwenyewe." Akakaa akaanza kukumbuka mikono ya mama mkwe wake, maana mdomo wa yule bibi haukuwahi kumfundisha, ila mikono alikuwa akiiona kila siku.

Akaloweka uwele, akaufunika kwa majani mpaka ukatoa vimizizi vyeupe. Akauanika, akausaga jiweni ukawa unga wa kimea. Akapika uji mzito, akakoroga hata mabega yakamuuma, akausubiri upoe kiasi cha kidole kustahimili, ndipo akatia kimea. Alipoonja akacheka peke yake jikoni. Uji uliokuwa hauna ladha ulikuwa umegeuka mtamu! Akauchemsha tena kama alivyokuwa akiona ukichemshwa, akauacha upoe kabisa.

Hapo alikuwa na togwa, kinywaji cha watoto na wagonjwa. Kinachoigeuza togwa ikawa pombe ni chachu, na chachu kwetu haikuwa ikinunuliwa wala kutengenezwa. Ilikuwa ikiombwa. Unakwenda kwa jirani ambaye pombe yake imechangamka, anakuchotea machicha yake, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, unakuja nayo na kuyatia chunguni mwako. Desturi ilisema vitu vitatu havinyimwi jirani hata mkiwa mmegombana: moto, maji ya kunywa, na chachu.

Basi Sechelela akashika njia mpaka kwa Mama Ndahani.

"Mbukwa, mama," alisalimu, magoti yamekunjwa.

"Mbukwa, mwanangu. Za msiba?"

"Tunamshukuru Mungu. Nimekuja kuomba chachu. Nimepika kachungu ka pombe, ya kuwaitia watu wa paa."

Mama Ndahani alimtazama kidogo, kisha akacheka kicheko cha mdomoni. "Kumbe na wewe umekuwa mpishi! Vema, vema. Ngoja."

Akaingia jikoni. Akakaa huko, akakaa, mpaka Sechelela akaanza kuhisi ameleta usumbufu. Alipotoka alikuwa na kibuyu kilichozibwa mdomo kwa majani. "Nimekufungia vizuri. Usifungue njiani, upepo utaiharibu."

Kibuyu kilikuwa na joto. Sechelela alikikumbatia tumboni njia nzima, akifurahi, akidhani chachu ya mpishi mkubwa ina nguvu za ajabu. Na kabla ya kuondoka alikuwa amemwambia, "Ahsante, mama. Mungu akuzidishie." Mungu akuzidishie! Kila nikifika hapo ulimi unaniwasha.

Akatia machicha yale chunguni jioni ile ile, akafunika, akakizungushia chungu nguo zake kisipate baridi. Akatangaza siku. Kila akiinama kusikiliza alikuta kimya, lakini angejuaje? Hakuwahi kupika. Akajipa moyo kwamba kila chungu kina tabia yake.

Siku ikafika, na watu wakaja. Walikuja wengi, maana marehemu alikuwa mtu wa watu. Mashoka yakaegemezwa ukutani, vikapu vikapangwa, na Mama Ndahani akaja na kigoda chake. Kwa desturi yetu mzee huonja kwanza, kazi haijaanza, ili watu wajue wanatolea jasho kitu gani. Mzee Chibago akachota kata. Akaipuliza kuondoa povu, povu halikuwapo. Akanywa funda moja, akaiweka kata chini.

"Hii ni togwa," alisema.

Hapo yakaanza yale ambayo mtu mmoja hawezi kuyasema peke yake lakini kundi huyasema bila aibu. Kwamba pombe haikatai kuiva bure. Kwamba chungu hukataa nyumba yenye mkosi. Kwamba, hata, yule bwana alikuwa mzima kabisa, na hakuna aliyejua hasa alikufa kwa ugonjwa gani. Mmoja akachukua shoka lake. Wa pili akachukua lake.

"Mimi nilimpa chachu kwa mikono yangu miwili," alisema Mama Ndahani kutoka kigodani, taratibu, kama anayesikitika. "Chachu yangu haijawahi kumwangusha mtu. Mengine mjiulize wenyewe."

"Basi, tumeona wote," shemeji mtu akasema, akiwa amekwisha kulitazama shamba.

Sechelela alikuwa amesimama kando ya chungu chake. Nyumba ilikuwa inaondoka mbele ya macho yake, na jina lake zuri lilikuwa linaondoka nayo. Kwa aibu tu, wala si kwa ujanja, akakiinamisha chungu amwage ile togwa ardhini, watu wasiendelee kuichungulia.

Togwa ikamwagika, na mwishoni kabisa kikadondoka kitu kigumu. Akakiokota. Kilikuwa ukoko, mkubwa kama kiganja cha mtoto, upande mmoja mweusi kwa kuungua, upande wa pili umeng'ang'aniwa na makapi mekundu.

"Subirini," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini walisubiri. Akampa Mzee Chibago ule ukoko.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Ukoko."

"Wa nafaka gani?"

Mzee akaugeuzageuza, akaunusa. "Mtama. Mtama mwekundu."

"Mimi nimepika uwele. Kihenge changu kiko pale, fungueni. Kuna aliyeona mtama mwekundu kwangu mwaka huu?"

Wakakichungulia kihenge, wakatikisa vichwa.

"Haya. Machicha yakishakamuliwa, hurudi motoni?"

Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma na kikapu chake akasema kwa sauti, "Yakirudi motoni, yamekufa!"

Mnaelewa, wanangu? Chachu ni kitu hai. Ukiichemsha inabaki na sura yake, harufu yake, hata uzito wake, lakini haiinui kitu tena. Umebeba maiti kwenye kibuyu. Macho yote yakageukia kigodani.

"Niliyapasha tu," alisema Mama Ndahani. "Kulikuwa na baridi."

"Uliyapasha mpaka yakashika ukoko?" Sechelela akauliza.

"Aliomba chachu, nikampa! Sasa mnataka nini? Mimi nimemnyima?"

Na Mzee Chibago, mtu mzima mwenye mvi, akakuna kidevu akasema, "Kwa kweli, desturi inasema chachu isinyimwe. Na yeye hakunyima."

Hebu yasikieni hayo! Mtu amechukua muda kumwangamiza mjane, amekoka moto kwa ajili hiyo, amefunika kwa majani, amepokea na 'Mungu akuzidishie' ya mjane, na desturi haina neno kwa sababu mkono wake ulionekana ukitoa! Vichwa vingine vilianza hata kukubali. Ndivyo watu tulivyo, tukishaona kibuyu kimetoka mkono huu kwenda mkono ule, hatuulizi tena kilicho ndani.

Sechelela akapandwa na hasira ambayo hakujua anayo.

"Heri angeninyima!" alisema, na safari hii sauti haikuwa ndogo. "Angeninyima, ningelia njiani, kisha ningevuka korongo kuomba kwa Bibi Wendo. Jua lilikuwa bado liko juu. Chungu changu kingeiva, nanyi sasa hivi mngekuwa juu ya paa. Anayeninyima ananiachia miguu yangu nikatafute kwingine. Huyu amenipa ili nisiende kwingine. Kisha amekuja na kigoda atazame! Heri kunyimwa chachu, mzee, kuliko kupewa iliyochemshwa."

Mzee Chibago hakukuna kidevu tena. Mama Ndahani akabeba kigoda chake akaondoka, na hakuna aliyempokea mkononi kumsaidia kama walivyozoea.

Mngependa niseme watu walipanda juu ya paa saa ile ile, kwa kuona haya. Hawakupanda. Walisema pole, wakaondoka na mashoka yao, wakaahidi kuja pombe ikiwa tayari. Mimi hilo nalo sijawasamehe, ingawa walikwisha kufa wote.

Siku ile ile Sechelela akavuka korongo. Bibi Wendo alikuwa mzee asiyeona vizuri, na pombe yake haikuwa na sifa yoyote. Lakini alimwita mpaka kwenye chungu, akachota machicha mbele yake, mabichi, yenye povu. "Tega sikio," alimwambia. Sechelela akaweka sikio kwenye kibuyu, akasikia mvumo mdogo ndani, na kibuyu chenyewe kilikuwa cha baridi. Akalia pale pale. Bibi Wendo akamwacha alie, kisha akampa na mtungi wa kulindia mbegu hiyo ya chachu mpaka kimea kingine kichipue.

Uwele uliobaki kihengeni ulikuwa wa mbegu. Aliuloweka huo. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na manyunyu ya kwanza yaliangusha kipande cha ukuta wa mashariki. Sechelela aliacha malazi yake yalowe, chungu akakifunika kwa ngozi ya kulalia. Pombe ikaumuka hata ikasukuma kifuniko. Mzee Chibago alipokuja kuonja safari hii, alipuliza povu mara mbili kabla hajaifikia pombe yenyewe. Watu wakapanda juu, na mvua kubwa iliponyesha, ilikuta paa limekwisha kushindiliwa udongo. Shemeji alilipitia lile shamba kwa mbali, akasalimia, akaenda zake.

Bado kidogo. Mwaka uliofuata chungu cha Mama Ndahani kiliota ukungu, kama vyungu vinavyofanya wakati mwingine, akakosa chachu. Akamtuma mtu, Sechelela akakataa kusema na mjumbe. Ikabidi aje mwenyewe, na magoti akayakunja.

"Sikupi," Sechelela alimwambia.

"Unaninyima chachu? Desturi, mwanangu?"

"Nakunyima. Nakuambia mapema, usikae hapa kusubiri. Kwa Bibi Wendo si mbali, na jua bado liko juu."

Wako wanaosema alivunja desturi. Mimi nasema alimtendea wema mkubwa kuliko aliotendewa. Na tangu hapo, katika kijiji kile, chachu huchotwa mbele ya mwombaji, naye hutega sikio kwanza kabla ya kushukuru.

Sasa, Nyemo. Mjomba wako anakuambia tangu mwaka jana kwamba amekuwekea nafasi ya kujifunza kushona kwa fundi cherehani mmoja wa mjini, usihangaike, usiulize kwingine, utamharibia. Kila ukipiga simu anakuambia karibu, karibu. Wewe umesikia mvumo wowote ndani ya hicho kibuyu? Unakwenda wapi? Ahaa, kufuata kitenge chako. Nenda, mama, kaulize kwa wengine, ndiyo kwanza asubuhi. Na mjomba akipiga simu nitampokea mimi, nimwambie tumeshukuru, lakini heri kunyimwa chachu kuliko kupewa iliyochemshwa.